Je, wajua kwa nini jina la MacGregor lilipigwa marufuku nchini Uskoti?

Tarehe 3 Aprili 1603, Baraza la Mfalme mjini Edinburgh liliamuru kwamba jina la MacGregor lifutwe, na kila aliyekuwa akiitwa hivyo atafute jina jingine, la sivyo auawe. Siku mbili baadaye Mfalme James wa Sita alianza safari ya kwenda London kurithi kiti cha enzi kilichoachwa wazi na kifo cha Malkia Elizabeth. Kwa nini mfalme aliyekuwa akielekea kutwaa taji la pili ashughulikie kwanza jina la ukoo mmoja wa milimani?

Jina lenyewe halikuwa na ubaya wowote. "Mac" katika Kigaeli, lugha ya nyanda za juu za Uskoti, ni mwana wa fulani, kama "bin" katika majina ya pwani yetu, na Gregor ni jina la Kikristo lenye asili ya Kigiriki. Wenye jina hilo walidai kuwa ni uzao wa wafalme, na kaulimbiu ya ukoo ingali inatamka hivyo. Kilicho wazi zaidi ni kwamba katika karne ya 14 walikuwa wakiishi kwenye mabonde ya Glen Orchy na Glenstrae, magharibi ya nyanda za juu za Uskoti.

Kiini cha mgogoro kilikuwa ardhi. MacGregor walikalia mabonde yao kwa desturi na kwa upanga, ilhali majirani zao, akina Campbell, walikwenda kwa mfalme na kurudi na hati. Kizazi baada ya kizazi, watu waliojiona wenyeji waligeuka kuwa wapangaji wa Campbell, kisha wengi wakafukuzwa kabisa. Waliofukuzwa waliishi kwa kuteka ng'ombe na kujificha milimani, hata wakaitwa Watoto wa Ukungu.

Ukoo usio na hati ulibaki na kitu kimoja tu cha kuuunganisha, nacho ni jina. Nguvu ya jina hilo ilionekana baada ya John Drummond, msimamizi wa msitu wa mfalme huko Glenartney, kuuawa mwaka 1589. Kumbukumbu za Baraza zinaeleza kwamba kichwa chake kilipelekwa katika kanisa la Balquhidder, na mkuu wa ukoo pamoja na watu wake wakaweka mikono juu yake mmoja baada ya mwingine, wakiapa kuwatetea wauaji. Serikali ingemwadhibu nani, ikiwa ukoo mzima ulikuwa umejitwika damu hiyo?

Kilichofurisha kikombe ni mapigano ya Glen Fruin, karibu na ziwa Loch Lomond, tarehe 7 Februari 1603. Alasdair MacGregor wa Glenstrae aliwashinda akina Colquhoun, akaua wengi na kuondoka na mamia ya mifugo. Amri ya kufuta jina ilitolewa kabla ya miezi miwili kwisha. Kwa maoni yangu, haikuwa hasira tu bali hesabu: vunja jina, na mwito wa vita hautakuwa na wa kuuitikia.

Alasdair alijisalimisha kwa Mtemi wa Argyll, mkuu wa akina Campbell, kwa ahadi kwamba angefikishwa salama katika ardhi ya Uingereza. Ahadi ilitimizwa kwa herufi zake: alivushwa mpaka, kisha akarudishwa Edinburgh chini ya ulinzi. Katika maungamo yake alimtaja Argyll mwenyewe kuwa ndiye aliyemchochea kufanya mashambulizi. Alinyongwa tarehe 20 Januari 1604 pamoja na wenzake, naye akatundikwa juu yao kwa kadiri ya kimo chake, ili umati umtambue mkuu.

Masharti yaliyofuata yaliingia hadi ndani ya nyumba. Waliokuwa MacGregor hawakuruhusiwa kubeba silaha isipokuwa kisu kisicho na ncha cha kukatia nyama, wala kukutana zaidi ya wanne. Mwaka 1633 wachungaji wa kanisa walikatazwa kumbatiza mtoto kwa jina hilo. Mfalme Charles wa Pili alifuta marufuku mwaka 1661 kwa sababu ukoo ulikuwa umepigana upande wa wafalme, lakini William wa Tatu aliirudisha mwaka 1693. Ndiyo maana Rob Roy, MacGregor mashuhuri kuliko wote, alilazimika kutumia jina la Campbell, ambalo ni la ukoo wa mama yake. Naliona hilo kuwa jambo chungu, kwa kuwa ndilo jina la waliochukua mabonde ya babu zake.

Marufuku iliondolewa moja kwa moja mwaka 1774. Baadaye wanaume 826 wa ukoo walitia saini hati ya kumtambua John Murray kuwa mkuu wao, na mwaka 1822 familia yake ikapata idhini ya kifalme ya kuitwa MacGregor tena. Wengi, hata hivyo, hawakurudi. Baada ya vizazi kadhaa, Grant, Drummond, Stewart au Gregory lilikuwa limekwisha kuwa jina la baba na babu, limeandikwa katika daftari za ubatizo na kuchongwa makaburini. Kwa hiyo anayefuatilia nasaba ya MacGregor katika daftari za miaka hiyo hawezi kutegemea jina la MacGregor peke yake. Hana budi kufuata kijiji, shamba na majina ya wadhamini wa ubatizo.