Kuongea Kirusi si kuwa Mrusi

Nimeisoma tena: "Waukraine ni Warusi tu, si wanaongea Kirusi?" Kwa hesabu hiyo, muuza dagaa wa Bujumbura anayekutajia bei kwa Kiswahili ni Mtanzania. Volodymyr Zelenskyy alikulia Kryvyi Rih, mji wa Ukraine, akiongea Kirusi. Belarus imekifanya Kirusi lugha rasmi tangu 1995. Lugha haikuhamisha mpaka.

Lakini lawama nyingine ni yetu watafsiri. Pale tulipo na "Mrusi" pekee, Kirusi kina maneno mawili. "Russkiy" ni Mrusi wa asili. "Rossiyanin" ni raia wa Shirikisho la Urusi, awe Mtatari wa Kazan, Mchecheni au yeyote. Ukiandika "Warusi" kwa yote mawili, umewameza Watatari zaidi ya milioni 4 kwa neno moja. La pili mimi huandika "raia wa Urusi", sentensi ikirefuka na irefuke. Na tafadhali, iliyobatizwa mwaka 988 ni Rus ya Kyiv, dola ya kale, si "Urusi ya Kyiv". Moscow inatajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi mwaka 1147.

Kinachonikera hasa ni neno la Kirusi "natsionalnost", yaani kundi la asili ambalo mtu anahesabiwa. Kamusi hukupa "uraia" au "utaifa", nawe unaingia shimoni. Pasi ya ndani ya Kisovieti ilikuwa na mstari wake maarufu wa natsionalnost: Mukraine, Myahudi, Mgeorgia, ilhali uraia wa wote ulikuwa mmoja. Mwenye baba Mwarmenia na mama Mrusi alichagua upande mmoja alipochukua pasi akiwa na miaka 16; kuandika pande zote mbili hakukuruhusiwa. Urusi iliuondoa mstari huo katika pasi zake mwaka 1997, lakini swali bado linaulizwa kwenye sensa.

Neno letu la karibu ni "kabila". Waite Warusi wa asili milioni 105 kabila uone msomaji anavyocheka, ingawa hacheki tunapoyaita hivyo mamilioni ya huku kwetu. Natumia "asili", na siridhiki nalo: linanukia damu, wakati sensa inaandika kile mtu anachojitaja mwenyewe. Sijapata neno bora.

Hata takwimu zina mtego wake. Katika sensa ya Urusi ya 2021, watu zaidi ya milioni 16 hawana asili iliyoandikwa. Ukiwahesabu, Warusi wa asili ni takriban asilimia 72; ukiwaacha nje, takriban 81. Kabla ya kunukuu, angalia umegawanya kwa jumla ipi.

Kwa wasanii, dawa yangu ni kutotumia neno moja. Andika mahali alipozaliwa, mwaka, dola iliyotawala na asili yake kama inajulikana. Chukua wachoraji watatu. Repin: Chuhuiv, karibu na Kharkiv, 1844, Dola ya Urusi. Malevich: Kyiv, 1879, dola hiyohiyo, wazazi Wapolandi. Aivazovsky: Feodosia katika Crimea, 1817, Mwarmenia. Kibandiko kinarefuka, mhariri ananung'unika, anazoea.

Mwandishi Gogol ndiye ananishinda. Alizaliwa mwaka 1809 upande wa Poltava, akaichora Ukraine kijiji kwa kijiji, na akaandika kwa Kirusi. Nikimwita mwandishi wa Kirusi, kwa lugha niko sawa. Lakini msomaji wangu atasoma "Mrusi", na hapo nimerudi nilikoanzia.