Je, wajua kwa nini nyoka anaweza kukwama kwenye gamba lake?

Januari moja mpwa wangu anayeishi Toronto alinipigia simu ya video, mkononi ana kitu kama soksi ya nailoni iliyochanikachanika. "Mjomba, nyoka wangu ameharibika." Nyoka mwenyewe ni yule chatu mdogo anayefugwa sana majumbani Ulaya na Marekani. Asili yake ni Afrika Magharibi na Kati mpaka Uganda, na akiogopa hujikunja akawa donge, ndiyo maana wafugaji humwita chatu mpira. Alikuwa amejivua gamba vipandevipande. Mgongoni limebaki bamba kavu, mkiani pete, na jicho moja linang'aa huku la pili limefifia kama la mzee mwenye mtoto wa jicho.

Mimi nimekulia Tanga. Kule gamba la nyoka unalikuta limenasa kwenye miiba, zima kuanzia pua hadi ncha ya mkia, na watoto wanakimbizana nalo. Sikuwahi kufikiri kwamba nyoka naye anaweza kushindwa na kazi hiyo. Mwaka 2011 CCM, chama tawala cha Tanzania, walipotangaza "kujivua gamba", yaani kuwaondoa viongozi wenye tuhuma za ufisadi, sote tulizungumza kana kwamba ni suala la nia. Kwa nyoka nia haina nafasi. Hali ya hewa ikimkataa, amekwama.

Ngozi ya nje ya nyoka ni keratini, kitu kilekile kilichotengeneza kucha zako. Sisi hupukutisha ngozi kidogokidogo kila siku bila kujua. Yeye huibadilisha yote kwa mpigo mmoja. Ngozi mpya hujengeka kamili chini ya kuukuu, kisha kati ya hizo mbili huingia vimeng'enya na majimaji ya kuzitenganisha. Hapo ndipo rangi hupauka na macho kuwa ya kibuluu. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, mithili ya kioo cha saa, na kioo hicho nacho hubadilishwa. Siku hizo haoni vizuri, anajificha, mara nyingi hagusi chakula, na ukimshikashika usishangae akikurukia.

Macho yakishatakata unadhani mambo yamekwisha, kumbe bado. Hupita siku kadhaa, pengine wiki, ndipo anaanza kusugua midomo kwenye jiwe au gogo. Gamba linapasuka mdomoni, naye anatambaa kutoka ndani yake huku likipinduka kama soksi inayovuliwa kwa haraka. Linatoka refu kuliko nyoka mwenyewe, kwa sababu ngozi iliyokuwa imejikunja kati ya magamba sasa imenyooka. Kwa hiyo jirani akikuapia kwa ushahidi wa gamba kwamba shambani kwake kuna chatu wa mita nne, mpunguzie kidogo.

Sasa kwa nini la Toronto lilichanika? Fikiria chapati. Iliyofunikwa kwenye hotpoti unaikunja upendavyo. Iliyoachwa wazi mezani usiku kucha, ukiikunja inakatika. Keratini ndivyo ilivyo. Ikiwa na unyevu ni laini na inavutika, kama kucha baada ya kufua nguo za wiki nzima. Hewa ikiwa kavu, gamba kuukuu linakakamaa, linagandamana na ngozi mpya, na nyoka akilivuta linakatika.

Mpwa wangu alikuwa na taa ya joto. Alipoona nyoka anasuasua, akaongeza nyingine ili "kumsaidia". Hapo ndipo alipomkaanga mwenzake, ingawa kosa lenyewe lina mantiki. Nyoka hajitengenezei joto la mwili, na mwili ukipoa kazi zote za ndani hupungua kasi, pamoja na hii ya kujenga ngozi. Joto analihitaji. Tatizo ni kwamba hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji, huzidi kuwa na kiu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Ikifika nyuzijoto 32, inaweza kubeba karibu gramu 34. Mvuke ni uleule, lakini kipimo cha unyevu, yaani mvuke uliopo ukilinganishwa na ule ambao hewa inaweza kubeba, kimeshuka kwa nusu. Nje kwenye theluji, hewa ya nyuzi sifuri haibebi hata gramu 5. Iingize ndani, ipashe mpaka 32, na unyevu wake unabaki kama asilimia 14. Mtu wa Tanga au Mombasa, ambaye chumvi yake huloa ndani ya kopo, hawezi kuielewa hewa ya namna hiyo mpaka midomo yake imepasuka.

Porini chatu huyu hukutana na ukavu pia. Upepo wa harmatani unaotoka Sahara hukausha kila kitu Ghana na Togo. Lakini yeye hakai juani kuungojea. Anaingia kwenye mashimo ya panya na vichuguu, ambako joto halibadiliki sana na udongo unatunza unyevu. Kisanduku cha kioo chenye kifuniko cha wavu na taa juu yake ni kinyume kabisa cha kichuguu: hewa ya moto inapanda na kutoka na mvuke wote.

Basi dawa ni kumrudishia kichuguu chake. Upande mmoja wa kisanduku uwe na nyuzijoto 31 hadi 33, wa pili 25 hadi 27, achague mwenyewe. Chanzo cha joto kiwe na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, maana kuna nyoka wengi walioungua tumbo juu ya mikeka ya umeme isiyo nayo. Unyevu uwe kama asilimia 60 siku za kawaida, na upande hadi 70 hivi macho yanapofifia. Kunyunyizia maji peke yake ni kujifurahisha, yanakauka upesi. Kinachofaa zaidi ni boksi la plastiki lenye tundu la kuingilia, ndani yake kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, na bakuli pana la maji. Ila usigeuze kisanduku kizima kuwa bwawa. Nyoka anayelalia matandiko mabichi mfululizo hupata vidonda vya tumbo, na hewa iliyofungiwa humletea maradhi ya mapafu.

Akishakwama, maji ya uvuguvugu ya kina kifupi kwa dakika ishirini au thelathini, kisha aachwe apenye kwenye taulo bichi na kujisugua mwenyewe. Pete ya mkiani usiipuuze, inabana damu na ncha inaweza kufa. Kioo cha jicho usikibandue kamwe kwa kucha wala koleo; subiri gamba lijalo au muone daktari wa mifugo anayejua nyoka. Akiendelea kukwama ilhali unyevu ni mzuri, huenda ana utitiri au ugonjwa mwingine.

(Nawe unayesoma ukiwa Arusha au Nakuru na umeshaanza kutamani: Tanzania na Kenya, kufuga nyoka wa porini bila kibali ni kosa la jinai.)

Mpwa wangu alizima taa moja, akafunika sehemu ya wavu isiyo na taa, akaweka boksi. Wiki kadhaa baadaye akapiga tena, usiku wa manane kwangu. Safari hii gamba lilikuwa zima, bado lina ubichi, linanata vidoleni. Nikamwambia alisogeze kwenye mwanga, upande wa kichwa. Vioo vyote viwili vya macho vilikuwemo.