Ethi ya fensi ya umeme si ya kukinga radi

Mfugaji analalamika kwamba fensi yake ya umeme haipigi, ng'ombe wanajikuna kwenye waya. Ukimuuliza ethi iko wapi, yaani nondo za ardhini zinazoungwa kwenye mashine ya fensi, anashangaa: "Ethi ni ya nyumba au ya kukinga radi, hapa ya nini?" Nimeisikia hii Magu, nimeisikia Misungwi, huku Mwanza, na mafundi wengine nao wanaisema.

Ethi ya fensi ni njia ya umeme kurudi, kupitia udongo, kwenye mashine inayosukuma umeme kwenye waya. Basi.

Wanaochanganya wanafikiria ethi ya nyumbani. Ile inakaa tu mpaka siku pasi au friji ivujishe umeme. Usipoiweka, taa zitawaka vilevile, ila maisha yako yamo hatarini. Ya fensi ina kazi kila ng'ombe anapogusa: umeme unatoka kwenye mashine, unafuata waya, unapita mwilini mwa ng'ombe, unashuka kwatoni, unapita ardhini hadi kwenye nondo za ethi, unarudi. Mashine inaweza kutoa volti elfu nane. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, ng'ombe hasikii kitu.

Na huku kwetu udongo wenyewe ndio mtihani. Luseni, ule mchanga wa miinuko ya mawe, ukifika Agosti hauna unyevu hata wa kusingiziwa. Halafu mtu anagongelea kipande kimoja cha nondo ya ujenzi chenye kutu, futi mbili, anaita ethi! Weka nondo zilizopakwa zinki, angalau tatu, mita 2 kwenda chini, zikiachana mita 3, sehemu yenye unyevu kama karibu na birika la kunyweshea. Zikae mbali na ethi ya nyumba, mita 10 au zaidi. Kama ardhi ni kavu kabisa, pitisha waya wa ethi kwenye fensi yenyewe, sambamba na wenye umeme. Mnyama akigusa zote mbili, kwato hazihusiki tena.

Kuipima si kazi. Nenda mita 100 kutoka kwenye mashine, egemeza vyuma kwenye waya viguse ardhi mpaka volti za fensi zishuke chini ya 2,000, kisha pima nondo ya ethi ya mwisho. Ikizidi volti 300, ongeza nondo kabla hujairudisha mashine dukani.

Radi nayo ina kifaa chake kinachofungwa kwenye waya, na kifaa hicho kina ethi yake peke yake, mbali na hii.