Daftari Lililofika Ndani ya Kiroba cha Salfa

Daftari ninalolieleza hapa liliingia katika chumba cha kumbukumbu cha chuo chetu, hapa Mtwara, likiwa ndani ya kiroba kitupu cha salfa, ile dawa ya unga ambayo wakulima hupulizia mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Mzee aliyelileta kutoka Newala alisema ni la marehemu dada yake, ambaye katikati ya miaka ya 1970 alikuwa akisomea shahada ya uzamili na akarudi nyumbani kutafiti upatikanaji wa maji katika uwanda wa juu wa Makonde. “Tasnifu mnayo nyie wenye vyuo, mwanangu,” aliniambia. “Hili lilikuwa lake mwenyewe.”

Kwa umbo ni kaunta buku ya kawaida yenye jalada gumu, iliyovimba mpaka haifungiki kwa sababu ya vitu vilivyobandikwa ndani yake: tiketi za basi, risiti za nyumba ya wageni, picha nyeusi na nyeupe, vipande vya gazeti, barua moja ya utambulisho, jani la mkorosho, na maelezo mafupi ya penseli pembezoni. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mhifadhi kumbukumbu ni kuvitenganisha vitu hivyo, picha ziende kwa picha na barua kwa barua. Nakiri kwamba hata mimi, ambaye kanuni ya kuheshimu mpangilio wa asili, yaani kuviacha vitu kama mwenyewe alivyovipanga, niliifanyia mtihani, nilianza kufanya hivyohivyo.

Sababu yangu ilikuwa salfa. Picha nyeusi na nyeupe za zama zile hutengenezwa kwa chembe ndogo za madini ya fedha, na fedha ikikutana na salfa hubadilika rangi, kama inavyosawijika pete ya fedha iliyokaa muda mrefu bila kusuguliwa. Baadhi ya picha zilikwishaanza kuwa na umanjano kingoni. Kwa haraka ya kuziokoa nilichomoa picha sita pamoja na tiketi zilizokuwa zimelegea, nikazitia katika bahasha, bila kuandika kila moja ilitoka ukurasa gani. Ilipofika jioni nilikuwa na bahasha nadhifu na daftari lenye mapengo.

Yaliyoniokoa ni madoa. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa, nayo huzalisha asidi kadiri inavyozeeka. Asidi hiyo huhamia kwenye ukurasa unaoitazama na kuacha mstatili wa kahawia wenye vipimo vilevile vya kipande chenyewe. Gundi nayo huacha alama yake, na hata tiketi nyembamba hukinga karatasi iliyo chini yake isipauke. Kwa rula na tochi iliyoinamishwa ubavuni niliweza kurudisha kila kitu mahali pake, na katika kazi hiyo nikagundua doa moja lenye umbo la jani ambalo jani lake halipo tena. Jani la mkorosho lililobaki ni dogo kuliko doa hilo, kwa hiyo yalikuwa mawili. Kama ningelisafisha daftari kabla ya kulisoma, jani la pili lingepotea mara ya pili.

Ukurasa ninaourudia zaidi ni ule wa barua ya utambulisho. Baada ya mfumo wa Madaraka Mikoani kuanza mwaka 1972, njia ya karatasi ilianzia mkoani, ikashuka wilayani, kisha katani na kijijini, na kila ofisi iligonga muhuri wake wenye tarehe. Ukizisoma tarehe hizo kwa kuzifuata, unaona kwamba mtafiti alisubiri siku 19 kabla ya kuruhusiwa kumuuliza mtu yeyote swali lolote. Tasnifu haisemi habari hiyo; inasema tu kwamba “takwimu zilikusanywa vijijini.” Lakini ukurasa wa pili yake umejaa risiti za nyumba ya wageni za siku zilezile, na chini yake amechora kwa penseli jedwali la saa ambazo wanawake walipita dirishani kwake na ndoo kichwani, wa kwanza kabla ya alfajiri. Uwanda ule una udongo wa kichanga unaomeza mvua yote, na maji huja kutokeza chini kabisa mabondeni, ndiyo maana safari ya ndoo moja ilikuwa kuteremka na kupanda mteremko mzima. Jedwali lile, lililotokana na kusubiri muhuri, ndilo lililokuja kuwa sura ya tatu ya tasnifu yake. Ni ukaribu wa risiti, barua na penseli katika kurasa mbili zinazotazamana ndio unaotuambia hivyo. Vikiwekwa katika bahasha tatu, hakuna atakayejua.

Mbele kidogo kuna kipande cha gazeti cha Juni 1975 kuhusu uhuru wa Msumbiji, kimebandikwa peke yake bila neno lolote. Kwa mtu wa Newala, anayeliona bonde la Ruvuma kutoka ukingo wa uwanda, pengine neno halikuhitajika.

Kuhusu matunzo sitakawia. Vumbi la salfa liliondolewa nje ya jengo kwa brashi laini, pini zenye kutu zilitolewa, na selotepu iliyokauka iliachwa ilipo pale ambapo kuibandua kungechana karatasi. Palipohitaji kushikizwa upya nilitumia gundi ya wanga wa ngano, ambayo huachia kwa maji kidogo. Kati ya kurasa niliweka karatasi zisizo na asidi, na daftari zima nikalifunga kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa kuondoa dondo, ule wanga wa kukazia kitambaa. Unyevu wa hewa ya pwani yetu wakati wa mvua hupita asilimia 80, lakini kinachodhuru zaidi ni kupanda na kushuka kwake kila umeme unapokatika na kiyoyozi kuzima.

Kila ukurasa umepigwa picha ukiwa mzima, madoa yakiwemo. Hata hivyo picha hizo hatujaziweka mtandaoni, kwa kuwa daftari lina majina ya wanakijiji na maradhi ya watoto wao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai uangalifu. Msomaji anayelihitaji hulisoma mezani kwetu, mikono ikiwa safi na mikavu.

Kurasa mbili za mwisho bado zimegandana. Nikizimulika naona kivuli cha kitu cha duara katikati yake, na nimeamua kutozigusa mpaka Julai, upepo wa kusi ukishakausha hewa.