Tiba ya Muziki: Inamfaa Nani, na Ukifika Utafanyiwa Nini

Malalamiko tunayopokea kutoka Mbeya, Iringa na Njombe yanafanana: familia imemlipa mtu mwenye kinanda na spika "amponye" mgonjwa wa kiharusi, dawa za presha zimeachwa, hali imezidi kuwa mbaya. Muziki haushushi presha kiasi cha kuacha dawa. Hutumika sambamba na matibabu mengine, kwa lengo linalopimika. Na kumfungulia mgonjwa redio kutwa nzima si tiba, ni redio.

Siku ya kwanza ni ya tathmini, pengine wimbo hautapigwa kabisa. Njoo na barua ya rufaa, kadi ya kliniki, dawa anazotumia, na nyimbo tano hadi kumi alizozipenda ujanani, ziwe za Kihehe, Kinyakyusa au za kwaya. Taja pia zisizotakiwa: wimbo ulioimbwa msibani unaweza kumvuruga. Mwenye kifafa aseme mapema, kwani wapo wachache ambao muziki huwaamshia degedege. Vipindi vinavyofuata ni vya dakika 30 hadi 45, mara moja au mbili kwa wiki. Kujua kuimba si sharti.

Kiharusi kikigusa upande wa kushoto wa ubongo, mgonjwa anaweza kuelewa anachoambiwa lakini maneno yakagoma kutoka. Huyohuyo huimba beti nzima za wimbo wa kanisani, na ndugu hushangilia kwamba amepona. Hajapona. Wimbo aliokariri hutoka wenyewe. Ombi la maji lazima alitunge. Basi tunaanza na "nataka maji", kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, mkono wake wa kushoto ukigonga meza mara moja kwa kila silabi: na-ta-ka-ma-ji. Mwanzo tunaimba naye, halafu tunanyamaza katikati, halafu anabaki peke yake, na mwisho kiimbo kinaondolewa. Anayeharibu zoezi ni ndugu anayemmalizia neno. Mwacheni.

Kwa mwendo, baada ya kiharusi au kwa ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka na kukakamaa mwili), huhesabiwa hatua za dakika moja. Zikiwa 80, mdundo nao huwekwa 80. Akitulia hupandishwa kwa asilimia tano, yaani 84. Nyumbani watu huweka wimbo wa kasi wanaoupenda wao, mgonjwa anaufukuzia, anaanguka, tena kwenye sakafu iliyopakwa nta.

Watoto wenye usonji hujifunza kupokezana zamu kupitia ngoma au kayamba. Wazee wenye demensia (kupotewa na kumbukumbu) huweza kutulia. Wenye sonona hunufaika wakiendelea na matibabu yao.

Wataalamu waliosomea hasa tiba hii ni wachache nchini, hivyo mbinu hizi mara nyingi utazikuta kwa wataalamu wa fiziotherapia, tiba ya usemi au afya ya akili. Anza zahanati au kituo cha afya, upate rufaa, na uulize kabla kama bima yako inalipia.

Kuhusu video: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni nyeti. Tukitaka kurekodi kipindi tunahitaji ridhaa ya maandishi ya mgonjwa, au ya msimamizi wake ikiwa hawezi kuitoa. "Sawa tu" ya mdomo haitoshi, na ukiukaji wa sheria hiyo una adhabu. Kwaya inayotaka kuimba wodini inakaribishwa, ila iombe kwanza kibali kwa muuguzi kiongozi na iache simu mfukoni.