Vesvese, wasiwasi na ile "-mış": kuugeuza usaili wa magonjwa ya akili uwe wa Kituruki

Watu wakisikia nilikuwa Ankara kwenye timu ya kutafsiri usaili wa magonjwa ya akili wanadhani nilikuwa nashinda na kamusi. Kamusi ilikuwa mwanzo tu. Kazi yenyewe ni madaktari wawili wamuulize mgonjwa mmoja maswali yale yale halafu watoke na ugonjwa ule ule. Ndo maana kuna usaili kama SCID, ulitungwa Marekani kwa kufuata DSM, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, maswali yameshaandikwa, mgonjwa akisema ndiyo unaendelea, akisema hapana unaruka sehemu nzima.

Tuanze na maneno maana ndo patamu. Vitabuni mtu mwenye sonona ni "çökkün", kama kitu kilichobonyea, lakini watu wa kawaida utawasikia wakisema "içim sıkılıyor", yani ndani kunanibana, na hiyo sıkıntı imebeba huzuni, hofu, mpaka kuboreka. Sasa DSM inataka dalili 5 kati ya 9 kwa wiki 2, na mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu na raha. Ukiuliza kwa sıkıntı unazoa kila mtu, ukiuliza kwa çökkün wengi wanakupita hivi hivi, tukaishia kubananisha maneno matatu kwenye swali moja, na yule aliyepewa kazi ya kulirudisha Kiingereza bila kuona la asili akauliza mbona swali limekuwa refu hivi.

Lililonifurahisha mimi ni vesvese. Ni wasiwasi wetu kabisa, Kiarabu kile kile! Ila lao limebaki karibu na msikiti, mtu anarudia kutawadha mara kumi maana anahisi udhu haujatimia, wakati wetu umefika hadi kwa mtoto aliyechelewa kutoka shule (ingawa Pwani ukisema fulani ana wasiwasi wa udhu unaeleweka vizuri tu). Ukimuuliza habari za takıntı, neno la hospitali la mawazo yanayomganda mtu, anakwambia hana. Taja vesvese uone anavyokaa sawa kwenye kiti.

Halafu kipimo cha kuona madaktari wanakubaliana kiasi gani, 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni sawa na kubahatisha. Kinaitwa kapa, sio ile ya kutoka kapa, ila inakaribia. Chukua mfano: watu 100, madaktari wamekubaliana kwa 90, si safi? Sasa kama 87 ni wale ambao wote wamesema hawana, 3 wote wamesema wanao, na kwenye 10 waliobaki kila daktari kawapa ndiyo watu 5 ambao mwenzake kawakataa, ukitoa makubaliano ya kubahatisha kapa inabaki 0.32. Majaribio ya DSM-5 yenyewe, yani toleo la tano la ule mwongozo, madaktari wakimwona mgonjwa kwa nyakati tofauti tena bila usaili wa kuandikwa, sonona kubwa ilipata 0.28.

Ndo maana nikiona kapa nzuri sana nauliza kwanza walikaaje. Mara nyingi mmoja anauliza na mwenzake yuko pembeni anajaza fomu yake, sasa huyu wa pembeni akiona mwenzake karuka kurasa nne ameshajua jibu, huko ni kuchunguliana kwenye mtihani bwana. Sisi pia tulianza hivyo na namba zilikuwa zinapendeza, tulipotenganisha siku zikashuka.

Na kuna kosa langu mwenyewe. Mgonjwa kasema "beni takip ediyorlarmış", mi nikaweka ndiyo kwenye imani potofu ya kufuatiliwa, mwenzangu Mturuki kaweka hapana. Tukarudia kusikiliza rekodi. Ile -mış ya mwisho ni "eti" yetu, eti wananifuatilia, jamaa alikuwa anasimulia maneno ambayo kaka yake alimwambia aliyaropoka usiku wa homa kali, yeye mwenyewe hata hayakumbuki. Eti nzima kwenye silabi moja, na mi nilikuwa nimeshainama naandika.