Chanjo za RNA: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba chanjo ya RNA hubadili vinasaba vya anayechanjwa. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa DNA na RNA hufanana majina na hutajwa pamoja kila panapozungumzwa urithi, lakini kazi zake ni mbalimbali. DNA hukaa ndani ya kiini cha seli, ilhali mRNA ya chanjo, yaani RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, hufanya kazi nje ya kiini, kwenye ribosomu, ambako maelekezo yake husomwa na protini ikatengenezwa, kisha yenyewe huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya seli, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemia. VVU huweza kujipachika katika DNA ya binadamu kwa sababu huja na vimeng'enya vyake vya kugeuza RNA kuwa DNA na kuipachika humo. Chanjo hizi hazina vimeng'enya hivyo.

Wengine huamini kwamba zilibuniwa kwa miezi michache ya mwaka 2020. Ukweli ni kwamba mRNA ilitambuliwa mwaka 1961, na mwaka 1990 watafiti walikwisha kuidunga katika misuli ya panya na kuona protini ikitengenezwa. Kikwazo kilikuwa kwamba mwili huishambulia RNA ngeni, mpaka watafiti Katalin Karikó na Drew Weissman walipoonyesha mwaka 2005 kuwa kurekebisha kidogo mojawapo ya herufi zake za kikemia hupunguza shambulio hilo, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2023. Kilichofupishwa wakati wa UVIKO-19 ni muda wa kusubiri kati ya hatua moja na nyingine. Majaribio ya mwisho yenyewe yalihusisha makumi ya maelfu ya watu.

Wapo pia watetezi wanaodai kuwa hazina madhara yoyote. Nao wanakosea, na kwa maoni yangu wanaidhuru imani ya watu kuliko wanavyodhani. Homa, uchovu na maumivu ya mkono ni ya kawaida, na kwa nadra misuli ya moyo huvimba, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, ingawa wengi wao hupona.

Kwenye saratani, neno lenyewe "chanjo" ndilo linalopotosha. Msomaji hudhani ni sindano ya kumkinga mtu asiyeumwa, kama ile ya HPV inayozuia virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo nyingi za mRNA za saratani zinazojaribiwa ni tiba kwa mtu aliyekwisha kuugua: uvimbe ukishaondolewa kwa upasuaji, wataalamu husoma mabadiliko ya vinasaba vya uvimbe huo, huchagua yale yanayoweza kutambuliwa na mfumo wa kinga, kisha hutengeneza mRNA ya mgonjwa huyo peke yake. Ndiyo maana haiwezekani kuwapo chupa moja ya kutibu saratani zote.

Je, zinafanya kazi? Katika jaribio la wagonjwa 157 wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, walioongezewa chanjo juu ya pembrolizumab, dawa inayousaidia mfumo wa kinga kushambulia saratani, walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 44 ya saratani kurudi au kufariki, wakilinganishwa na waliopewa dawa hiyo pekee. Katika jaribio la saratani ya kongosho, wagonjwa 8 kati ya 16 walipata mwitikio wa kinga, na hao ndio waliokaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Lakini watu 16 ni wachache mno kwa mtu yeyote kutangaza kwamba tiba imepatikana.